Kamera Ilikuwa Kwetu

Mwaka jana tulimzika baba hapa kijijini Migato, siku ya jua kali, na vijana wengi waliokuja mazishini walikuwa wameinua simu juu wakirekodi. Walirekodi jeneza likishuka, wakarekodi kwaya, na mmoja akanirekodi hata mimi nikifuta uso kwa upindo wa kanga. Sikukasirika. Nilikuwa nakumbuka, na nakuambia wewe kwa sababu sijui nimwambie nani mwingine, kwamba mimi ndiye niliyeanza mambo hayo katika kijiji hiki. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilirekodi kwa ajili ya mtu mmoja tu, huyo huyo tuliyekuwa tunamfukia.

Enzi hizo mkoa wa Simiyu haukuwepo, sisi tulihesabiwa Shinyanga. Pamba ilikuwa imeachiwa wanunuzi binafsi. Walikuja na malori, kila mmoja na mizani yake, msimu mmoja wakagombania marobota yetu, msimu uliofuata wengi hawakuonekana kabisa. Baba alingoja mwezi mzima pamba ikiwa imejaa chumbani, sisi tukilala sebuleni, nyumba nzima ikinuka mbegu. Ilipoondoka, naye akaondoka. Alisema Mwanza kuna viwanda vya minofu ya samaki na vinatafuta watu. Tukabaki watatu: bibi aliyemzaa baba, mama, na mimi. Sikuwa na ndugu wa tumbo moja. Watoto wa jirani walikuwa wengi, lakini jua likizama kila mmoja aliitwa kwao.

Baba alirudi mara ya kwanza baada ya mwaka, akakaa siku nne, akaniachia kamera. Ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni ya kufulia, rangi ya fedha, mtumba kutoka Ulaya. Ukiiwasha ilitoa mlio na jicho lake likachomoza kama kichwa cha kobe. Haikuhitaji mkanda wala kwenda kusafisha picha mjini. Ulichokipiga ulikiona hapo hapo nyuma yake, kwenye kioo kidogo, na ilichukua hata video. Mama alijipaka mafuta, akavaa gauni la kanisani, akasimama wima mbele ya mlango. Baba akacheka.

"Za kusimama kama askari sizitaki," aliniambia. "Nipigie za kila siku. Mnavyopika, mnavyopalilia, mnavyokaa. Nikiwa kule nione mlivyo."

Nikapiga za kila siku. Nilimpiga mama akikata viazi vitamu vya kukausha juani viwe michembe, vipande vikidondoka juu ya mkeka kwa mlio mwepesi. Nilipiga moshi wa jikoni ukitoka kwenye nyasi za paa, mbuzi akila kamba, choroko zikipepetwa, miguu yangu mwenyewe ikiwa na tope la mpunga. Bibi alikuwa mgumu mwanzoni. Alitaka kujua kama mtu anaweza kutolewa tena akishaingia mle. Nilipomwonyesha mwenyewe akitembea ndani ya kioo, alicheka hadi akakaa chini. Tangu siku ile kila nikimwelekezea kamera alisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, ng'wanone," akimwamkia mwanawe, kisha akanyamaza akingoja aitikiwe. Nilimweleza mara nyingi kwamba baba hasikii muda ule. Alikubali kwa kichwa, na kesho yake akasalimia tena na kungoja.

Shida ilikuwa betri. Zilikuwa mbili ndogo, na kamera ile ilizimaliza kama mtoto anavyomaliza karanga. Zikichoka nilizianika juu ya bati la duka la jirani, jua lizipe nguvu kidogo, nipate picha tatu nne zaidi. Kadi ikijaa niliitoa, nikaifunga kwenye kitambaa, nikaitia ndani ya kibiriti kitupu. Jirani mwenye duka aliipeleka Bariadi siku ya mnada, akamkabidhi kondakta wa basi la Mwanza. Baba alihamisha picha kwa mtu mwenye kompyuta, kisha kadi ikarudi kwa njia ile ile.

Jumapili baada ya ibada alipiga simu ya mwenye duka, nasi tukasimama foleni fupi ya watu watatu. Aliongea kama mtu aliyeshinda nasi wiki nzima. Alisema ghala limeinama upande wa zizi, litafutiwe nguzo. Alimuuliza mama mbona anachechemea. Mwalimu wangu alikuwa ametusomesha kwamba mwezi unazunguka dunia na kuitazama, nami nilimwona baba hivyo, yuko mbali lakini anatuona.

Kadi ilirudi tupu kila mara. Hata hivyo, kila ilipofika niliikimbiza kwanza kwenye kamera, maana nilitamani naye anipigie za kwake za kila siku: anapolala, anapokula, rafiki zake. Mama hakuigusa kamera ile, lakini siku kadi iliporudi aliniuliza bila kuniangalia, "Ameweka kitu?" Nikamjibu kwamba hakuna. Tulifanya hivyo mwezi baada ya mwezi.

Siku moja, kipindi cha kuvuna pamba, kadi ilirudi na picha moja.

Baba alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyumba iliyojengwa juu ya mawe. Amevaa shati la bluu ambalo hatukulijua. Mapajani kwake alikaa mtoto wa kike wa mwaka mmoja hivi, gauni la njano, kiatu mguu mmoja tu, anatafuna mkanda wa saa ya baba. Kutoka pembeni ulionekana mkono wa mwanamke, wenye bangili, ukimnyooshea mtoto kikombe. Baba hakuitazama kamera. Alikuwa anamwangalia mtoto, na kwa uso ule nilimkumbuka vizuri kuliko kwa sauti yake ya Jumapili, maana ndivyo alivyoniangalia mimi zamani. Mtoto alikuwa na masikio ya bibi, yale yaliyosimama. Nadhani mwenye kompyuta ndiye aliyewapiga, akatumia kadi yetu kisha akasahau kuitoa. Sikumuuliza mtu.

Niliingia katikati ya pamba, nikachuchumaa mahali ambapo mtu akisimama nyumbani hanioni. Niliitazama hadi alama ya betri ikaanza kupepesa. Ningeweza kumpelekea mama. Ningeweza kumpa bibi, ambaye angefurahi kwanza na kuelewa baadaye. Kila nilipomfikiria mama akiishika ile kamera kwa mara ya kwanza, mikono yake ikiwa na miba ya vikonyo vya pamba, nilishindwa kuinuka. Nikabonyeza kitufe cha kufuta. Kamera ikaniuliza kwa Kiingereza kama nina hakika. Neno la kukubali nilikuwa nalijua.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa anapuliza moto.

"Ameweka kitu?"

"Hakuna kitu, mama."

Akaendelea kupuliza.

Jumapili baba aliomba aongee nami kwanza. Aliuliza kama kadi ilifika salama. Nikasema ilifika.

"Ilikuwa tupu?"

"Ilikuwa tupu, baba."

Nikasikia gari likipita upande wake, watu wakiongea. Kisha akaniambia nisome kwa bidii, nimpe mama simu.

Nilimtumia kadi nyingine baadaye, lakini sikuwa tena na moyo. Nilimpigia mlango, barabara, kigoda kitupu, mkeka usio na mtu. Hakulalamika. Mwaka ulipogeuka vumbi la pamba liliingia kwenye kamera, jicho lake likakwama nusu nje nusu ndani, na hakuna aliyejua kulirudisha. Sikulia. Nilichokuwa nacho sasa ni siri, na siri ndani ya nyumba ya watu watatu inakutenga nao vibaya sana. Nilikula na mama sahani moja, nikalala kitanda kimoja na bibi, na sikuweza kuongea na yeyote kati yao kuhusu jambo pekee nililokuwa nikiliwaza. Watoto wenzangu waliacha kunifuata. Walisema naringa kwa sababu baba yangu yuko mjini.

Bibi alifariki nikiwa sekondari. Baba alikuja kuzika, akaondoka. Baadaye simu zake zilipungua, na hatimaye zikawa za sikukuu tu. Mama alikaa katika nyumba ile hadi mwisho. Mwaka wake wa mwisho, tukiwa tunabangua karanga, aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba alijua habari za yule mwanamke wa Mwanza hata kabla kamera haijaja. Dada mmoja wa kanisani alimwambia.

"Nilikuwa nakuuliza kama ameweka kitu," alisema, "ili nione kama umeshajua. Nikaona bado. Nikashukuru."

Niliendelea kubangua karanga. 

Basi, siku ya tatu ya matanga ya baba, asubuhi, wageni wengi walikuwa wameshaondoka na mimi nilikuwa nasugua sufuria nyuma ya nyumba. Msichana mmoja akaja, akakunja gauni, akachukua sufuria ya pili bila kuombwa. Nilikuwa nimemwona tangu siku ya mazishi, kati ya watu waliotoka Mwanza. Masikio yale nisingeyasahau. Hatukuwa tumesalimiana bado. Alinipa shikamoo, akaniita dada, nikaitika.

Tulisugua kwa muda. Kisha akaniambia kwamba hajawahi kufika Migato maishani mwake, lakini anaijua. Baba alikuwa amewekewa picha zetu zote kwenye sidii. Jumapili, akitoka kupiga simu, aliiweka kwenye deki akaitazama peke yake, na yeye, akishakua kidogo, akawa anakaa miguuni pake. Mama yake alitoka nje kila ilipowekwa. Hivyo ndivyo alivyokua, hadi sidii ilipochubuka ikakataa kusoma, na hakukuwa na nyingine.

Aliweka sufuria chini, akasimama, akaanza kutembea uwanjani. "Ghala lilikuwa hapa," alisema, na kweli ghala lilikuwa pale. Sasa pameota nyasi. Akaonyesha lango la zizi lilipokuwa, mahali tulipoanika michembe, jiwe ambalo bibi alikalia akipepeta. Nilibisha kuhusu jiwe, nikasema halikuwepo. Akavua kiatu, akasukuma udongo kwa unyayo, na jiwe likaonekana. Nikamfuata nyuma kama mgeni kwenye boma letu wenyewe. Kulikuwa na mti wa mpapai karibu na jiko, alinikumbusha, na mbuzi mweupe aliyependa kuingia ndani. Alivijua vyote hivyo, na vyote hivyo havipo. Sisi tuliovitumia kila siku, wawili wamekwenda, na mimi nilikuwa nimeshaanza kusahau.

"Nilikuwa nakuonea wivu," alisema. "Mimi sina picha hata moja ya utotoni nikiwa na baba. Kamera ilikuwa kwenu."

Ningeweza kunyamaza. Nina mazoea ya kunyamaza. Lakini baba yuko ardhini, mama yuko ardhini, na hakubaki mtu wa kumkinga.

"Ilikuwepo moja," nilimwambia. "Ilikuja kwetu kwa bahati mbaya. Niliifuta."

Hakuuliza kwa nini. Alitembea hadi ukingoni mwa shamba, mahali ambapo siku hizi tunalima dengu, kisha akarudi akakaa kwenye lile jiwe, mikono ikiwa bado na majivu ya sufuria.

"Nieleze ilivyokuwa," alisema.

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, na nilipomaliza akaniomba nianze tena, polepole.