Mama Mkwe Aliniambia Ninaota

Wakuu, nilipopeleka mkono nyuma ya kompyuta yangu nilishika kitu cha moto.

Kilikuwa kimelowa. Kilikuwa na vinyweleo. Na kilijaa mkononi kama kitu kinachokula na kushiba.

Nilipiga ukelele ambao mpaka leo vijana wa bodaboda wa mtaa wetu wa Katandala wakiniona wananiigiza.

Tulieni niwaeleze nilifikaje huko.

Naitwa Vitus, nahariri video za harusi nyumbani kwangu, Sumbawanga. Ofisi yangu ni kona ya sebule. Kuna meza, kioo juu yake, na kasha la kompyuta chini, mgongo umeelekea ukutani. Mke wangu Salome alilitandikia kitambaa cha kufuma, maana kwake kitu kisicho na kitambaa kiko uchi.

Mwezi wa sita Salome alijifungua, na mama yake akaja kutoka kijijini kwake Msanzi kumlea mzazi. Alishuka na kuku, unga, na viroba ambavyo sikuvigusa. Mzigo wa mkwe haupekuliwi.

Sasa mimi na mama mkwe tunaheshimiana kupita kiasi. Nikiingia sebuleni ananyanyuka, tunasalimiana tukiangalia sakafu, anapiga makofi yake ya taratibu, salamu ya heshima ya Kifipa, halafu anakwenda jikoni. Maneno mengine yote yanapitia kwa Salome.

Ndiyo maana lile swali sikuulizwa mimi. Nililisikia kupitia ukuta.

"Huyu baba huwa anakwenda kazini saa ngapi?"

Salome akamwambia kazi ndiyo ile, ya pale kwenye kona. Mama akasema, "Basi Mungu yupo."

Wakuu, sentensi ile iliniingia. Mama mkwe ni mwanamke wa jembe. Mtu anayekaa kwenye kiti mchana kutwa, kwake huyo ni mgonjwa au mvivu, na mimi sikuwa na homa. Nikaapa kwamba kabla hajarudi Msanzi ataiona kazi yangu kwa macho yake.

Na kazi ilikuwepo. Zephania, mfanyabiashara wa dagaa wa Wampembe, kando ya Ziwa Tanganyika, alifungia ndoa hapa mjini, na mimi ndiye niliyepiga picha. Mama yake mzazi alikuwa mgonjwa, hakuweza kuupanda mlima kuja huku juu. Jumamosi ukoo mzima ungekusanyika kwake aione harusi ya mwanawe kwenye televisheni. Video ikitoka vizuri, harusi zote za kule ziwani ni zangu. Isipotoka, mama mkwe amepata jibu lake.

Jumatatu nikaanza kurenda. Hiyo ni hatua ya mwisho, mashine inaunganisha vipande vyote viwe video moja, na hapo inafanya kazi mpaka inahema.

Imefika katikati, ikazima.

Hakuna onyo, hakuna maandishi. Kioo cheusi. Nikawasha, nikaanza upya, ikaenda kidogo, ikazima tena.

Nikamwita Masanja, fundi wangu. Mama mkwe aliposikia mgeni anakuja akaipanga sebule haraka haraka, akafagia, akatoka na mizigo yake kwa mlango wa nyuma. Masanja akakaa, akawasha, mashine ikaenda fresh. Akanywa chai, akala chapati, mashine inaenda tu.

"Mshikaji, hii nzima," akasema. "Mgonjwa ni wewe."

Akaondoka. Chapati hata haijashuka tumboni kwake, ikazima.

Kesho yake nikampelekea dukani, ikakaa huko mchana kutwa bila kukohoa. Nikairudisha nyumbani, ikazima. Akaja akaweka Windows mpya. Akabadilisha RAM. Akapuliza vumbi mpaka akapiga chafya. Kila akiwepo mashine ina afya, akiondoka inakata roho.

Halafu kuna harufu. Sebule ilianza kunuka kama uji uliolala. Masanja akainama, akavuta pumzi kama daktari.

"Hiyo kapasita," akasema. "Ikiungua inanukaga hivyo."

Jumatano akaweka bisibisi chini, akaniangalia kwa huruma.

"Dukani kwangu haizimi, kwako inazima. Kwako kuna nini kipya?"

Nikamwambia kuna mtoto.

"Mtoto na nani?"

Na mama mkwe.

Akaanza kukusanya vifaa vyake. Akasema yeye ni Msukuma, mambo ya Wafipa hayaingilii, na watu wanaoweza kutuma radi kiangazi hawashindwi na kompyuta. Alisema kiutani, lakini vifaa alikuwa anavikusanya kweli.

Nilikasirika. Nikamwambia yule mama anashinda anafua nepi za mjukuu na kusali rozari, kwa hiyo atafute ugonjwa wa mashine, aache ugonjwa wa ukoo.

Lakini neno likishaingia sikioni halitoki kwa kutikisa kichwa. Jioni nikajikuta namwuliza Salome, kwa kuzungukazunguka, kama mama yake huwa anasogeleasogelea kompyuta. Salome si mtoto, akaelewa ninakoelekea.

"Ukimtaja mama yangu kwenye hilo," akasema, "utabaki na hiyo kompyuta, mnyonyeshane."

Nikaenda kuwasha mashine upya.

Alhamisi ndiyo ilinimaliza. Video ilikuwa imebakiza kipande kidogo sana, maharusi wanakata keki, nimeshika kiti kwa mikono miwili. Ikazima. Nikalaza kichwa juu ya meza.

Hapo ndipo mama mkwe akapita. Akasimama. Akachungulia chini ya meza, akatabasamu, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake akanisemesha ana kwa ana bila kupitia kwa mtu.

"Unaota, baba," akasema. "Unaota vizuri sana."

Wakuu, mnajua neno hilo mjini lina maana gani. Mtu akikwambia unaota amekwambia sahau, hupati kitu, amka. Na alilisema kwa upole, kama anayempa mtu pole ya msiba.

Nikamwambia, "Asante, mama."

Nilikwenda chumbani nikakaa kitandani. Niliumia, sitawaficha. Salome akashangaa, akasema mama yake hawezi kunitolea neno kama hilo, ngoja akamwulize. Nikamkataza. Sikutaka nionekane mkwe mwenye kinyongo.

Ijumaa nikasema basi. Nitaibeba mashine, nitarendea kulekule kwa Masanja, nilale kwenye benchi lake ikibidi. Masanja mwenyewe akaja ghafla na bodaboda kunisaidia, safari hii bila kupiga simu. Akashika kioo na kibodi. Mimi nikapiga magoti, nikapeleka mkono nyuma ya kasha kuchomoa nyaya.

Na hapo ndipo nikashika kile kitu.

Baada ya ukelele nilichokiona ni mgongo wa Masanja ukiishia mlangoni, kibodi yangu kwapani, waya wake unaburuzwa. Mama mkwe akatokea jikoni mbio. Heshima zote zikawekwa kando. Akanisukuma kwa bega, akaingia chini ya meza, akatoka amekumbatia kiroba kinachochuruzika maji.

"Polepole, baba, utaubonda," akasema. "Si nilikwambia unaota?"

Akafungua mdomo wa kiroba. Ndani kulikuwa na ulezi. Umelowekwa, umevimba, na kila punje imetoa mizizi myeupe, myembamba kama nywele za mtoto wangu, mingine imepenya mpaka nje ya kiroba.

Ulezi. Ulezi ndio uliokuwa unaota.

Mimi nilikuwa nazimiwa tu.

Kumbe mama alikuwa anatengeneza kimea cha pombe. Ulezi unaulowesha, unauweka penye joto mpaka uote, ndipo unauanika na kuusaga. Kwake Msanzi anauweka karibu na moto wa kuni. Kwangu tunapikia gesi, na Juni ya hapa mnaijua, hata mawe yanatetemeka. Akazunguka nyumba nzima akitafuta joto, akalikuta mgongoni mwa kompyuta, pale feni inapotolea hewa ya moto. Akaona hata mimi nimeleta kitu cha maana.

Kila mgeni alipokuja alikitoa kiroba nje ili asituaibishe. Mgeni akiondoka anakirudisha. Kikiwepo kinaziba feni, joto linarudi ndani, mashine inaona itaungua, inajizima.

Masanja alikuwa amerudi, anachungulia dirishani.

"Si nilisema ni joto?" akasema.

Hakuwahi kusema.

Nikamwomba Salome amwulize mama pombe yenyewe ni ya nini, maana hatukuwa na harusi wala msiba. Mama akainamisha kichwa, akakunjakunja mdomo wa kiroba.

"Ya tofali," akasema.

Kwao ukitaka watu waje kukufyatulia tofali unapika pombe. Mama tangu alipofika alikuwa ameona kazi ya mkwe wake ni ya kukaa kwenye kiti mbele ya mashine. Akaamua kuita watu wa Msanzi wafyatue tofali, ajenge vyumba viwili kwenye kiwanja chake, ili siku mashine ikizima moja kwa moja sisi tuwe na pa kwenda.

"Sikutaka mjukuu wangu akose pa kulala," akasema.

Yaani mashine ilipozima alinihurumia zaidi. Aliponihurumia akaongeza ulezi. Alipoongeza ulezi mashine ikazima zaidi. Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia. Mwanamke niliyekaribia kumdhania vibaya alikuwa ananijengea nyumba.

Tukaivuta meza mbali na ukuta, kiroba tukakiweka juu ya kigoda, hatua kadhaa nyuma ya feni. Nikaanza kurenda. Mama hakwenda jikoni. Alikaa mkekani na mjukuu wake, akaitazama mpaka keki ikakatwa, mpaka Zephania akacheza na mke wake, mpaka mwisho.

Akaniuliza, moja kwa moja, "Watu wote hawa ulikuwa umewaweka humo?"

"Ndiyo, mama."

Akamgeukia Salome. "Kumbe baba ana kazi," akasema.

Video ilifika Wampembe Jumamosi, na tangu hapo harusi za ziwani zinakuja. Tofali nazo zilifyatuliwa, maana kimea kikishaota hakirudi kuwa punje. Vyumba vyetu viwili viko Msanzi, tunakwenda Krismasi.

Mama naye sasa ananipigia simu mwenyewe. Wiki iliyopita kapiga, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza nina harusi kubwa lini, maana ana viroba vitatu na baridi imeanza.

Basi wakuu, mashine ikikuzimia, kabla hujaanza kuhesabu wachawi, zunguka uangalie nyuma yake kuna nini. Na mkwe wako akikwambia unaota, usiende kununa chumbani.

Muulize kwa adabu, "Nini, mama?"