Kiti cha Kaltumi Kando ya Mtaro

Magoti ndiyo yaliyomtoa Kaltumi nyumbani kwake Bombo, akahamia kwa bintiye Bushira, mtaani Namuwongo. Huko alishinda barazani akisuka sinia za ukindu. "Pumzika tu, Mama," Bushira alimwambia kila asubuhi akienda dukani kwake Kikuubo. Kaltumi akapumzika mpaka kupumzika kwenyewe kukamchosha.

Mvua za siku hizi hazinyeshi, zinamwagwa. Moja ilipoingia ndani hata godoro lake likaelea, jirani yao Monique, Mkongomani muuza vitenge ambaye naye umri ulikuwa umemtupa mkono, alikuja kupiga hodi. Yeye na wazee wenzake walikuwa wameanza kuulinda mtaro uliozibwa na taka.

"Mama Bushira, tusaidie."

"Mimi? Hata ndoo siinui."

"Ndoo tutainua sisi. Vijana wakikataza watu kutupa taka, zinazuka ngumi. Wewe nani atakupiga?"

Kaltumi alicheka, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu ahamie. Kesho yake akaweka kiti na ukindu wake pale pale watu walipozoea kumwaga. Wengi walipomwona walirudi na mifuko yao kwa haya. Fabiano, mwenye mgahawa wa karibu, alikuja na gunia la maganda ya matoke.

"Mwanangu, maji yakizibwa hapa yanakuja kulala kitandani kwangu."

"Jjajja, bibi yangu, nenda ulee wajukuu," Fabiano akasema, na gunia akalimwaga mbele ya macho yake.

Kaltumi alikusanya ukindu wake, akarudi nyumbani. Wiki ile hakutoka tena.

"Si nilikwambia upumzike?" Bushira akamwambia.

Maneno hayo ndiyo yaliyomwinua. Alijikongoja hadi mgahawani, akaagiza chai, akamwita Fabiano.

"Sikuja kugombana. Kwa nini unamwaga pale?"

"Nimwage wapi, Jjajja? Gari la taka haliingii huku."

Hilo Kaltumi hakuwa amelifikiria. Alikunywa chai yake yote akiliwaza, kisha akaenda kwa mzee Taban, mmoja wa kundi lao, aliyefuga mbuzi nyuma ya msikiti. Tangu hapo Taban hupita na toroli kila jioni, na Fabiano humsaidia kupakia maganda.

Mvua kubwa iliyofuata iliingia tena ndani, ila safari hii maji yaliondoka kabla ya adhuhuri. Zamani yangekaa siku kadhaa. Monique alishangilia. Kaltumi alinuna, akitazama makaveera, ile mifuko ya plastiki, na chupa zilizobaki mlangoni.

"Hizi si za mtaa wetu. Zinatoka wapi?"

"Huko juu kilimani, kwenye majumba makubwa."

"Basi twende huko."

Bushira, aliyekuwa akipiga deki, alifungua kinywa kukataa. Akamtazama mama yake, akakamua tambara.

"Na magoti hayo, mtapandaje?"

"Kwa boda," Kaltumi akajibu, akiutafuta mtandio wake.