Waache Ningu Wapande

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya masika ambayo mpaka leo naikumbuka kwa aibu na kwa shukrani. Nilikuwa mke mpya hapa kando ya Mto Kuja, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa ya miezi minane. Mama mkwe alikuwa amenifundisha kusuka mtego wa matete na namna ya kuutega: mdomo uelekee juu mtoni, umshike samaki tumwitaye ningu anaporudi ziwani akiwa amekwisha kutaga. Anayepanda na mayai haguswi.

Mimi na haraka zangu nikaona huo ni uzee tu. Samaki wamejaa wanapanda, halafu nisubiri washuke? Nikaugeuza mtego, mdomo ukaelekea ziwani. Kulipokucha ulikuwa mzito hata nikauburuta, nikaingia nao uani nikijidai kama bibi harusi.

Mama mkwe hakunifokea. Alipasua samaki mmoja, mayai yakajaa sinia. Kisha akalitazama tumbo langu.

"Nyathina," akaniita kwa Kijaluo, yaani mwanangu, "siku yako ikifika, ukiwa njiani kwenda kujifungua, ungependa nani akuzibie njia?"

Nililia, na wale samaki sikuwaonja.

Miaka ikaenda. Watu wakauziba mto kwa vyandarua kutoka ukingo hadi ukingo, ningu wakaadimika, na kuku wakaatamia ndani ya mitego yetu. Nilidhani nitazikwa na ujuzi huu. Kumbe mjukuu wangu Akinyi na kikundi chake cha vijana walikuwa na mpango wao: kuviondoa vyandarua mtoni na kuirudia mitego. Walikuja na matete na simu zao, wakanirekodi nikisuka kwa vidole hivi vilivyopinda. Nilipokosea walinicheka, nami zamu yao ilipofika nikawacheka zaidi.

Masika haya walikwenda kutega mtoni wenyewe. Mimi nilibaki nyumbani roho juu, maana ujana naujua. Asubuhi simu ikalia.

"Dani, wanapanda," Akinyi akasema, maana bibi kwetu ni dani. "Ni wengi, na matumbo yamejaa. Tumewaachia njia."

Nilimshukuru Mungu, kisha nikatoka nje nikaenda kumwambia mama mkwe, kaburini kwake nyuma ya nyumba.

Basi, mwanangu, kabla hujatega, jua kwanza samaki anakwenda wapi. Anayekwenda kuzaa, mpishe. Na mzee uliye naye, muulize angali na pumzi, maana sisi tunangoja tu kuulizwa. Mungu aibariki mikono yako, na mtego wako uwe mzito wakati wa kushuka.