Kiganja Kando ya Dirisha la Shule

Shule ya shamba la mzungu tulilofanyia kazi, Subukia, ilikuwa ya udongo, na kamati yake ilikuwa na sheria moja isiyochezewa: kila mzazi ana kipande chake cha ukuta. Akikandike, akitunze, na akimaliza agandamize kiganja kwenye udongo mbichi ili ijulikane ni cha nani. Usipokitunza, mtoto wako anarudishwa nyumbani.

Kiganja cha mume wangu kilikuwa kando ya dirisha, kikubwa, kidole cha mwisho kimepinda kwa sababu kiliwahi kubanwa na lango la ng'ombe. Kisha serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari. Askari walimchukua asubuhi moja akikamua, na hakuna aliyeniambia alikopelekwa. Niliuliza mpaka nikachoka kufanywa mjinga.

Kila nikimpeleka binti yetu shuleni, nilipita pale dirishani na kuuweka mkono wangu ndani ya ule wake. Udongo ulikuwa baridi. Anayetaka kucheka na acheke.

Mvua zilipokwisha, kipande chetu kilipasuka. Upepo ukaingia, watoto wakaanza kukohoa. Kamati ikaitisha mkutano. Walianza na mlango, wakaja kwenye choo, wakabishana juu ya choo mpaka nikadhani wamenisahau. Thubutu. Mwenyekiti, ambaye pia alikuwa nyapara wa shamba, alisema nami huku akitazama kofia yake.

"Mama, bwana yako hayuko, na hatujui kama atarudi. Kandika hiyo ukuta, ama mtoto akae nyumbani."

Niliwaomba nizibe nyufa tu, nikiache kile kiganja. Wakakataa. Ufa mkubwa ulipita katikati yake, na udongo wa kubandika vipande vipande haushiki. Walisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Wanaume waliokunywa chai kwangu miaka yote, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho.

Binti yetu alipenda shule kuliko chakula. Basi nikakanyaga udongo, nikauchanganya na mavi ya ng'ombe, nikaanzia pembeni, nikijivuta kila nilipokikaribia kile kidole kilichopinda. Nilikifunika mwisho kabisa. Nilihisi ninamzika mtu ambaye sijaambiwa kwamba amekufa. Mwenyekiti akaniagiza nigandamize kiganja changu. Nikanawa mikono, nikaenda zangu.

Ulipokauka, udongo ulibonyea pale pale. Vidole vyote vikarudi, na kile cha mwisho kimepinda. Binti ndiye aliyeviona kwanza. Alikuja mbio, anacheka, kuniambia baba yuko shuleni. Nilimzaba kofi, kisha nikamkumbatia. Tangu hapo sikuthubutu kupita karibu na lile dirisha.

Mkutano uliofuata, wakaniambia nikandike tena, maana watoto walikuwa wakiogopa kukaa upande ule. Nilikwenda nje, nikarudi na karai la udongo, nikalitua miguuni pa mwenyekiti.

"Mimi nimeshamfunika mara moja," nikamwambia. "Safari hii mfunike wewe."

Alilitazama karai. Akawageukia wenzake, nao wakatazama sakafu. Halafu akarudi kwenye habari ya choo.

Binti yetu alisoma pale mpaka akamaliza, amekaa chini ya ule mkono. Mwenye mkono hakurudi.