Mayai Yaliyooshwa

Asubuhi hiyo niliondoka Kitale bila kujua ninaelekea wapi. Nilibeba mayai sita ndani ya kopo la pumba. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilikuwa kimepita nyumbani na kumaliza kuku wote wa marehemu mama, kuku wa rangi ya majivu aliokuja nao alipoolewa, wakazaana miaka yote. Yalibaki mayai hayo. Nisipopata kuku wa kuyaatamia, ukoo ule umekwisha.

Dada yangu ndiye aliyenifungia kopo.

"Nimekuoshea mayai kwa maji moto na sabuni," alisema. "Si unaenda kwa watu? Huwezi kuwapelekea mavi ya kuku."

Kwetu kitu cha kupeleka kwa mtu hutakatishwa kwanza. Nilimwambia ameyaua.

"Ati nimeua? Yai halina pua, bana."

Halina, lakini linapumua. Shule niliiacha mapema, ila kitabu cha sayansi kisicho na jalada nilichookota nimekisoma hadi kikachakaa. Ganda lina vitundu vingi visivyoonekana, hewa hupita humo. Kuku akitaga, yai hutoka limepakwa utando mwembamba unaoziba vitundu hivyo ili vijidudu visiingie. Sabuni huuondoa. Dada alikuwa ameacha milango yote wazi.

Niliondoka tu. Lori la mahindi lilinishusha Ndalu, nikatembea nikiuliza boma kwa boma. Kila mahali kideri kilikuwa kimenitangulia. Baadaye dereva wa trekta la miwa alinipakia, na karibu na Kabuchai gurudumu likaingia shimoni. Yai moja likapasuka.

Nilishuka nikalimimina kiganjani. Kiini kilikaa katikati ya ute, kimeshikwa huku na huku na kamba mbili nyeupe zilizosokotwa. Juu yake palikuwa na doa jeupe lenye duara, kama pete ndogo. Yai lisilopata jogoo huwa na doa tupu. Hili lilikuwa na pete. Maana yake, seli moja ilikuwa imegawanyika tena na tena tumboni mwa kuku, kisha zile zilizotokea zikatulia, zikingoja joto. Afadhali ningekuta doa tupu. Nilifuta mkono kwenye nyasi.

Jua lilikuwa linashuka nilipompata mjane mmoja ambaye kuku wake mweusi alikuwa ameanza kuatamia pembeni mwa jiko. Alichukua yai moja akaligeuzageuza.

"Yanang'aa kama ya supamaketi."

"Yameoshwa, mama."

"Na umeyabeba mpaka huku?"

"Ndiyo."

Alinitazama, kisha akamwinua kuku na kuyasukuma chini yake yote matano. "Huyu hachagui, kijana. Atalalia hata mawe." Akanionyesha stoo ya mahindi iliyopakana na jiko. "Wewe lala hapo mpaka yaanguliwe."

Yasipoanguliwa itakuwaje, hakusema. Nilitandika gunia nikajinyoosha. Upande wa pili wa ukuta wa udongo nilimsikia kuku akiyageuza kwa mdomo, moja moja, polepole, kama anavyogeuza kuku yeyote ili kifaranga kisigande kwenye ganda.