Siku Niliyomfungia Ndama Nje ya Shule

Acheni nicheke kwanza mimi mwenyewe, ili mkianza nyinyi msinikute nimekunja uso. Wengi wenu mlishasikia kwamba kuna mwalimu huku Masisi aliyefundisha siku nzima amejifunga kitenge cha mama wa watu, na kila mkisimulia habari hiyo mbele yangu huwa natikisa kichwa na kusema, "Walimu wengine bwana." Basi leo nasema. Ni mimi. Na mpaka sasa sijui hasa ni wapi mambo yaliniponyoka, maana kila nilichofanya siku ile kilikuwa na sababu yake nzuri kabisa.

Mimi ni mtoto wa Kibua, kule Walikale. Kwetu tunajua mihogo, tunajua mawese, lakini ng'ombe tunamjua akiwa ameshakuwa nyama. Nilipopata kazi ya kufundisha première, yaani darasa la kwanza, kwenye shule moja mlimani, si mbali na Burungu, mama yangu alichinja jogoo wake wa pekee na kijiji kizima kikaanza kuniita Mwalimu hata kabla sijashika chaki. Sasa shule yenyewe iko katikati: upande huu wa mlima wanakaa wafugaji, upande ule wanakaa wakulima wa maharage, na miaka yote kila upande ulikuwa na shule yake, mbali. Mwaka ule Directeur wetu, mkuu wa shule, alizunguka nyumba kwa nyumba akiomba wawalete watoto mahali pamoja, mpaka wakakubali kujaribu. Kujaribu tu, nisikilizeni vizuri. Akaniita pembeni akaniambia, "Augustin, bazazi bakirudisha batoto yabo siku ya kwanza, première haifunguke. Na weye unarudia kwenu." Hapo hapo nikamwona yule jogoo.

Kwa hiyo nikatoa wazo. Watoto wote wa première wanywe maziwa ya ndoo moja siku ya kwanza, na wakulima walete viazi vitamu vya kuchemsha, wale pamoja. Directeur alitaka maziwa yaletwe kwenye bidon, dumu la plastiki, kama watu wote wanavyofanya, mimi nikasema hapana, ng'ombe aje mwenyewe, akamuliwe mbele ya watoto, wafurahi wasahau kulia. Papa Rukundo, mfugaji mmoja mpole mwenye maneno machache, akakubali kumleta ng'ombe wake na kumkamua. Na sheria ya lango nayo ilikuwa yangu: wazazi wote wabaki nje, maana mama akionekana, mtoto halii kidogo, analia kabisa.

Asubuhi ile ukungu ulikuwa haujaondoka na mimi nilishasimama langoni na kostimu, suti yangu mpya (mpya kwangu, ilishavaliwa na mtu mwingine huko ilikotoka), napokea mtoto mmoja mmoja kwa mkono, namwingiza, nafunga. Wanalia, ndiyo, lakini kilio cha kawaida. Ndipo Papa Rukundo akafika na ng'ombe wake, pembe kubwa, ndama akimfuata nyuma. Nikafungua lango apite. Hapo ikatoka sauti ya Mama Sifa, mkulima mmoja ambaye akiongea shambani kwake wanamsikia mlima wa pili.

"Mwalimu, juu ya nini Papa wa ngombe anaingia, na siye ba maharagi tunabakia inje?"

"Njo vile," wenzake wakaitikia. "Sheria iko ya batu fulani tu?"

Upande wa wafugaji wakaanza kunong'onezana. Mama mmoja alishaanza kumwita mtoto wake atoke. Nikaona shule inapasuka mbele ya macho yangu, nikasema kwa sauti kubwa kwamba sheria ni moja kwa wote, hata Papa Rukundo anabaki nje, ng'ombe nitamwingiza na kumkamua mimi. Nikachukua kamba. Ndama naye akataka kupenya, nikamsukuma kwa goti, nikafunga.

"Mwalimu," Papa Rukundo akasema pole pole, "lakini mutoto yake..."

"Ndama atapata ya kwake baadaye, Papa. Leo sheria ni sheria."

Akavua kofia, akaniangalia, akairudisha kichwani. "Sawa, Mwalimu. Weye njo unajua."

Kukamua kuna ugumu gani, nilijisemea, si ni kuvuta tu. Watoto wamepanga mstari na vikombe vyao, Directeur ameanza hotuba kwamba kuanzia leo sisi ni familia moja, nami nimechuchumaa na ndoo. Kukamua kunataka mikono miwili, na mti wa kufungia ng'ombe haukuwepo karibu, basi kamba nikaifunga kwenye mkanda wa suruali yangu. (Nyinyi wafugaji mlioko hapa, tulieni, bado sijamaliza.) Nikavuta. Hakuna. Nikavuta titi la pili, la tatu, hakuna hata tone. Nikamsalimia kwa Kinyarwanda, kwa Kihunde, na mwisho kwa Kifaransa, maana hapo nilishaanza kutoka jasho. Watoto wa wafugaji wakaanza kucheka chini chini, na watoto wa wakulima, ambao hawakujua kinachochekwa, wakacheka kwa kuwa wenzao wanacheka, na mimi nikafikiri, angalau wanacheka pamoja.

Kisha ndama akalia kule nje. Ng'ombe akaitika. Sifa, binti mdogo wa Mama Sifa, aliposikia hivyo akakumbuka kwamba hata yeye ana mama, akapiga kelele, "Mamaa!" na Mama Sifa akaitika kutoka nje ya ua, "Niko hapa!" Basi ikawa hivyo kwa wote. Ndama anaita, ng'ombe anaitika, watoto wanaita, mama zao wanaitika, Directeur naye anaongeza sauti ya hotuba, na mimi katikati sijui tena nani anaita na nani anaitwa. Nilikuwa bado nawaza nianze kunyamazisha upande gani ng'ombe alipoondoka.

Akaondoka na mimi. Tulipita kwenye mstari wa vikombe, tukapita juu ya viazi vitamu, tukauangusha upinde wa maua niliouandika "Karibuni", ukanifuata shingoni.

"Augustin, achilia ile ngombe!" Directeur akapaza sauti.

"Ni yeye amenishika, Directeur!"

Lango lilikuwa la miti, halikumchelewesha hata kidogo. Nilifika kwa wazazi nikiwa kwa tumbo, na suruali ya kostimu ilipasuka kuanzia mkanda mpaka mahali ambapo sitasema.

Mama wale wakaniruka wote wakaingia ndani. Ndama akapata titi, na kelele zote zikakatika. Papa Rukundo akachuchumaa, akanifungua kamba kiunoni, kisha akamwacha ndama anyonye kidogo, maana kumbe bila ndama ng'ombe haachii maziwa, akamsogeza, akaletewa ndoo, akaanza kukamua, na maziwa yakaja yakaijaza. Mama Sifa akarudi langoni na binti yake, akafungua kitenge chake cha juu akanitupia.

"Jifunike, Mwalimu. Batoto banaona."

Nikajifunika. Niliona haya mpaka machozi yakanilenga, nikarudi ndani nikainamia viazi nikijifanya naviokota. Mama wakakaa chini kwenye nyasi, kila mmoja na mtoto wake, mwingine na mtoto wa mwenzake, wakafuta matope kwenye viazi, ndoo ikazunguka. Mama Sifa na Papa Rukundo, ambao hawakuwahi kuongea wao kwa wao, wakabishana muda mrefu kosa ni la nani, na mwisho wakaona kwamba ni langu. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo pande mbili za mlima ule zilikubaliana.

Kesho yake nilifika mapema, nimeshafunga mizigo yangu ya kurudi Kibua. Njiani hakuna mtu. Kisha wakatokea, wa upande huu na wa upande ule, wote wa jana, na wengine ambao hawakuandikishwa popote. Sifa mdogo akasimama mbele yangu, akaniangalia suruali, akauliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, leo utaanguka saa ngapi?"

Nikamwambia leo hapana. Akasikitika kidogo, lakini akaingia darasani.

Basi nimeapa: kamba ya ng'ombe haitafika tena kwenye mkanda wangu, na siku ya kufungua masomo simtenganishi mama na mtoto wake, awe wa miguu miwili au minne. Lango lenyewe halijatengenezwa mpaka leo, na fundi akilitaja mimi hugeuza mazungumzo. Kitenge nilikifua, nikakikunja vizuri, nikakipeleka kwa Mama Sifa. Alikitazama, akanirudishia.

"Bakia nayo, Mwalimu," akasema. "Mwaka ingine utapokea tena batoto."