Kaburi la Kando ya Barabara

Mama yangu alizaliwa Bagamoyo, na watu wa Bagamoyo wa rika lake walikuwa na kinyongo na Dar es Salaam kisichokuwa na dawa. Walikua wakisimuliwa jinsi ofisi zilivyohamishwa, kisha wakaona wenyewe wafanyabiashara wakifuata, kisha hata milango ya nakshi ya nyumba zilizobaki tupu ikapakiwa kwenda kutiwa kwenye nyumba mpya za huko. Mama akisema Dar es Salaam haikujengwa, ilihamishwa kutoka kwao. Alipoolewa na baba akaja kuishi kijijini kwetu, mbele kidogo ya Kunduchi ukielekea kaskazini, alidhani yuko mbali na mji huo. Wapi! Mji ukamfuata huko huko.

Baada ya vita vikuu vya pili malori yakaanza kupita. Sitasema uongo, yalitufaa. Nazi zetu zilizokuwa zikichipua chini kwa kukosa mnunuzi zikawa zinafuatwa mlangoni. Makuti, boriti, kuni, samaki, kila kitu mji ulikitaka na kila kitu ulikiona hakitoshi. Nami uchungu wa mwanangu wa kwanza ulipokwama, mkunga akaishiwa maarifa, lori la kuni ndilo lililonikimbiza hospitali ya mjini. Mtoto huyo yu hai, na sasa ana wajukuu. Kwa hiyo sina mdomo wa kuulaani mji wote.

Lakini malori hayo hayo yaliwaleta watu waliokuwa wakishuka, wanasimama kando ya barabara mikono kiunoni, wanalitazama shamba la mtu kama wanachagua kitambaa dukani. Hao sikuwapenda. Baba alikwisha kufariki, na shamba la minazi lililoanzia barabarani hadi nyumbani kwetu ndilo lililokuwa tonge la mama na kwao pekee alikobakiwa nako. Ndugu zake wa Bagamoyo walikwisha kufa. Akilipoteza shamba, angekuwa mgeni kila mahali.

Mmoja wa watu hao alikuja kwa adabu. Kanzu safi, kofia imenyooka, shikamoo yake ilisikika kabla hajafika uani. Alikuwa akifanya kazi bandarini, akasema, na sasa anataka kulima mchicha na nyanya za kupeleka sokoni mjini. Aliomba kipande tu. Kwetu mgeni akiomba kulima hupewa, tena bure, mradi apande vitu vya msimu: akishavuna, hana tena lake pale. Kilichokatazwa ni mti wa kudumu. Ukimwachia mtu apande mnazi, umekwisha kumpa. Mnazi ni wake, wa wanawe na wa wajukuu zake, na mwenye mnazi humwambii aondoke. Mama akamwambia waziwazi, "Lima upendacho, mwanangu, ila mnazi usinipandie."

Yule bwana akacheka, akasema hata hakuwa amefikiria. Kicheko kile hakikunikaa vizuri. Mtu asiyekuwa na nia hashtuki hata akacheka.

Basi nikawa mpelelezi. Kila nikipita natia jicho baina ya matuta, natafuta mche wa mnazi uliofichwa kwenye mchicha. Siku moja akaniona nimeinama, akaniuliza kwa upole dada nimepoteza nini. Nikamwambia sindano. Akainama naye akanisaidia kuitafuta, mnafiki yule, na wote wawili tunajua hakuna sindano. Mnazi sikuuona, wala mwembe, wala hata mpapai. Badala yake akachimba kisima, akaruhusu kijiji kizima kuchota. Wanawake wenzangu walimsifu mpaka masikio yakaniuma. Nikanywa maji yake, yakawa matamu, nikazidi kukasirika.

Kisha akamleta mama yake mzazi kutoka mjini. Bibi wa watu alikuwa amekonda, hata kukaa kitako ni kazi. Wakamlaza kwenye kibanda cha shambani, nasi tukampikia uji, maana mgonjwa hana kosa. Asubuhi ya Ijumaa moja akakata roho.

Yule bwana akaja kwa mama macho mekundu, akaomba mahali pa kumzika. Mama hakufikiri hata kidogo. Nani atamnyima maiti kaburi? Pwani yetu hakuna mtu wa hivyo, na kama yupo hatukumzaa sisi. Mama aliyekuwa amemkatalia mche mmoja wa mnazi akamwambia achague mwenyewe penye udongo laini. Wachimbaji walipendekeza nyuma ya kisima, penye kivuli. Yeye akasema la, hapa kando ya barabara, ili wapita njia wamsomee Fatiha. Haya, nani atabisha na Fatiha? Tukazika, tukalia, tukala hitima.

Ni usiku wa hitima, sahani zikioshwa, swali liliponijia, na mpaka leo halijanitoka. Sisi wagonjwa wetu twawapakia kwenye lori kuwapeleka mjini kwenye madaktari. Yeye mama yake alikuwa huko huko mjini, karibu na hospitali. Kwa nini amlete shambani? Alituambia bibi mwenyewe alitamani kufia penye minazi. Huenda ni kweli. Bibi mwenyewe hakuwahi kutuambia.

Haukupita muda mrefu serikali ikaleta wapima ardhi, na jumbe wa kijiji akaambiwa aoneshe nani mwenye nini kando ya barabara. Walipofika kwetu yule bwana hakubishana na mtu. Alisimama kaburini, akasema kwa sauti ya chini, "Mama yangu amelala hapa." Wazee wakaulizwa kama ni kweli na kama mwenye shamba aliridhia. Wangesemaje, na wao ndio waliobeba jeneza? Na kwetu mtu ni wa mahali walipolala wazazi wake. Kaburi lina mizizi kuliko mnazi. Tulilinda mnazi, tukatoa kaburi. Akapewa kutoka barabarani hadi kisimani.

Mama aliingia ndani, akajifunika kanga.

Yule bwana akajenga nyumba ya bati, kisha akaanza kuwakatia vipande wenzake wa mjini. Nyumba zikaota. Duka likaja, tukapata mafuta ya taa na sukari bila kwenda mbali, nami nilinunua kama wengine. Punde akaja kumwambia mama kwamba kipande cha nyuma ya kisima kimekaa bure, na wapima ardhi watarudi. Mama akamkaribisha chai.

Mwaka ule ule mama akashikwa na homa na kubanwa kifua. Nikasimamisha lori la kuni, nikapatana na dereva, nikatandika mkeka juu ya kuni. Nilipomwinua mama kitandani akaukamata mkono wangu kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Nikifia mjini mtanizika mjini," akasema. "Nizikeni nyuma ya kisima. Yeye kamlaza mama yake apate kuingia. Nyie nilazeni mimi asipite."

Nilimsihi, nikalia, nikamkumbusha mtoto wangu aliyeokolewa huko. Akasema mtoto alikuwa akija, yeye anakwenda. Dereva alipiga honi mara kadhaa, kisha akaondoka.

Tulimzika pale pale alipotaka. Yule bwana alikuwa wa kwanza kubeba jeneza, na alilia. Wanaume waliporudi nami nikaenda kusimama mbali, nikamwona amebaki peke yake kati ya kisima na udongo mbichi, analitazama kaburi la mama yake kule barabarani, kisha hili, kisha lile. Akavua kofia, akajipangusa uso, akaenda zake bila kuaga.

Wapima ardhi waliporudi na minyororo yao ya kupimia walifika kaburini, wakaulizana, wakageuza. Nyuma ya mama yangu minazi ipo mpaka leo, na mji umejaa pande zote zilizobaki. Watu husema mama alikuwa na akili. Mimi najua lori lilikuwa limesimama mlangoni.